Anti, mbona mji wetu umebaki kushangilia mastaa tu?

Karibuni tena kwenye ukurasa wa maswali. Barua za safari hii nyingi zimegusa kitu kimoja, miji yetu midogo na hawa watu maarufu, kwahiyo nimechagua tatu nikaziweka pamoja. Ya kwanza ni ndefu na majibu yake marefu pia, msichoke.

*

Mwanangu mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi mji mdogo huku Nyanda za Juu Kusini, usiutaje tafadhali maana ni mdogo kiasi kwamba wakisoma tu watanijua. Juzijuzi gari la matangazo lilizunguka mitaani kwamba Jumamosi kuna kazi ya kuchimba msingi wa vyoo vya shule ya msingi, shule ambayo nusu ya watu wa mji huu wamesoma hapo. Tulifika wazee wachache, akina mama wa kwaya, mtendaji, na vijana wawili ambao baadae nikaja kujua walikuwa wanasubiri bodaboda yao inatengenezwa jirani. Haijapita wiki akapita msanii wa bongofleva kutoka Dar, wala hakuja kuimba, alikuwa anaelekea msibani huko mbele akasimama sheli kuweka mafuta. Nakwambia mji ulisimama. Watu juu ya paa la baa, honi za bodaboda, watoto wametoka darasani na walimu wao nyuma yao simu mkononi, mama ntilie kaacha chapati zinaungua kwenye kikaango. Kashusha kioo, kapunga mkono, kaondoka zake. Mpaka leo ile sheli vijana wanaiita kwa jina la yule msanii, na ile misingi ya vyoo imejaa maji ya mvua. Sisi mwaka 1986 Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa mpira wa Tanzania nilikuwa mwalimu kijana, wala sio mtu wa Tukuyu, lakini tulitembea kifua mbele kama vile tumecheza wenyewe. Nijibu kwa ukweli, huu ni wivu wa uzee au kuna kitu kweli kimeondoka?
Mwalimu mstaafu

*

Shikamoo mwalimu. Wivu sio. Ila pia sikubaliani na lile jibu la haraka ambalo najua umeshalisikia kijiweni, kwamba vijana wa siku hizi hawana maana. Hao vijana waliopanda juu ya paa la baa wana nguvu ya kushangilia ileile mliyokuwa nayo nyie, tatizo ni kwamba mji haujawapa kitu cha kushangilia, na hiyo haikutokea yenyewe.

Tuanze na hao Tukuyu Stars. Tukuyu ni mji wa migomba, chai na mvua, sio mkoa, ni makao makuu ya wilaya ya Rungwe basi, lakini timu yake ilipanda ligi kuu na kubeba ubingwa mwaka huohuo, Simba na Yanga wapo wanaangalia. Miaka miwili mbele, 1988, Coastal Union ya Tanga nayo ikachukua. Sasa kumbuka na majina ya timu nyingine za zama zile, Ushirika ya Moshi, Reli ya Morogoro, RTC Kagera, Pamba ya Mwanza. Kila jina hapo lina mahali na lina mfuko nyuma yake, ushirika wa wakulima wa kahawa, shirika la reli, kampuni ya biashara ya mkoa, pamba. Mchezaji alikuwa na ajira hapohapo, asubuhi unamkuta ghalani au ofisini, jioni uwanjani, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako kwahiyo akikosa penalti anakujibu mwenyewe sokoni.

Muziki hivyohivyo. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, bendi inavaa jina la mji. Na mastaa walikuwepo, tusidanganyane kwamba zamani watu walikuwa hawapendi mastaa! Mbaraka Mwinshehe alikuwa staa hasa, mwaka 1970 alikwenda mpaka Osaka Japani kwenye maonyesho ya dunia, na alipofariki kwa ajali Mombasa Januari 1979 nchi nzima ililia. Lakini Morogoro Jazz ilikuwepo tangu miaka ya arobaini kabla yeye hajashika gitaa, ameikuta, akaikuza, alipoondoka kwenda kuanzisha bendi yake bado mji ulikuwa na bendi yenye jina lake. Staa alikuwa juu ya kitu ambacho sio chake. Hapo ndo tofauti ilipo na leo.

Kilichofuata wewe umekiishi kuliko mimi. 1972 ikaja Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa, maamuzi yakahamia kwa maofisa waliotumwa kutoka juu. 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, wakulima wakaamka asubuhi ushirika wao haupo. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 zikaanza kazi 1984, ushirika nao ukarudi, lakini watu walikuwa wameshajifunza kwamba kitu cha mji kinaweza kuchukuliwa siku yoyote na mtu ambaye hajawahi kulala hapo. Halafu miaka ya tisini mashirika ya umma yakabinafsishwa au yakafa, RTC zikaisha, na timu na bendi zilizokuwa zinalishwa na yale mashirika zikabaki yatima. Na kipindi hichohicho, 1994, ndo redio na televisheni binafsi zikaanza, karibu zote Dar, zinacheza watu wa Dar, zinahoji watu wa Dar. Kwahiyo kijana wa mji wako aliyezaliwa mwaka ule amekua haoni timu ya mji, hasikii bendi ya mji, anachosikia kuanzia asubuhi mpaka usiku ni nani kaachana na nani huko Sinza na Mikocheni. Ulitaka ashangilie nini, mwalimu?

Ngoja nikupe mfano wa juzi tu maana huo wa 1986 watu watasema ni hadithi za wazee. Wilaya ya Mbarali, kwa watu wa mpunga, kulikuwa na timu inaitwa Ihefu, jina la lile bonde lao la maji. Novemba 2022 Yanga walifika pale Ubaruku, uwanja wa Highland Estates, wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, nchi nzima inahesabu, wakapigwa 2-1. Na Ihefu! Watu ambao hawajui Mbarali iko upande gani wa ramani siku ile waliijua. Haya, 2024 timu ile ikahamia Singida na kubadilishwa jina, leo inaitwa Singida Black Stars. Mpunga umebaki, bonde limebaki, timu haipo. Sisemi waliohamisha ni wabaya, mpira una gharama na mwenye hela anapeleka timu anapotaka, hata Fountain Gate nayo imetoka Singida ikaenda zake Babati. Nachosema ni kwamba mtoto wa Ubaruku aliyekuwa uwanjani siku ile, aliyepiga kelele mpaka sauti ikakauka, amejifunza kwamba kushangilia kitu cha kwenu ni hasara. Kesho akishangilia msanii kwenye simu mimi simlaumu, msanii wa kwenye simu hahami mkoa.

Ukitaka kujua ile nguvu bado ipo nenda Mbeya mjini. Mbeya City ni timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda 2013, msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu, na wale mashabiki wa zambarau walikuwa wanajaza uwanja wa Sokoine na kukodi mabasi kuifuata timu mikoani, vijana haohao tunaosema hawapendi kitu. Ilishuka daraja 2023, ikateseka huko chini, lakini haikuhamia mkoa wa mtu, na ikapanda tena. Najua timu ya halmashauri ina maneno yake, madiwani wakigombana timu inalala njaa, na mwananchi ana haki ya kuuliza kwanini hela ya barabara inanunua mshambuliaji. Lakini angalau kuna mahali pa kwenda kuuliza.

Kuna kitu kingine kinanikera mwalimu na hiki sio cha vijana, ni cha sisi watu wazima. Angalia mashindano ya mtaani siku hizi yanaitwaje. Kombe la Mbunge, Kombe la Diwani, Kombe la Mheshimiwa fulani. Jezi ina picha yake kifuani, mpira una picha yake, mpaka chupa za maji zimebandikwa sura yake! Akishindwa uchaguzi kombe limekufa na zile jezi mnazikuta gereji zinafutia oili. Hata Namungo ya Ruangwa, mji mdogo uliopanda ligi kuu 2019 na mwaka uliofuata ukacheza fainali ya kombe la shirikisho, jambo kubwa sana lile na nililifurahia, uwanja wake umepewa jina la aliyekuwa mbunge wao na Waziri Mkuu wakati huo. Yaani hata tukifanikiwa kama mji tunatafuta mtu wa kumpa. Watoto wanatuangalia, na wanajifunza kwamba mahali sio kitu, mtu ndo kitu, sasa wao wanachagua mtu anayeimba vizuri zaidi ya diwani.

Haya, vyoo vyako. Kabla hujawalaumu waliokosa kuja, kumbuka msaragambo wa zamani, ile kazi ya pamoja ya kijiji, haukuwa fahari tupu. Mgambo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, usipotokea faini, huna hela kuku anakamatwa, na kazi ngumu ya maji na chakula wanafanya akina mama ambao kwenye hotuba hawatajwi. Waliokimbizwa na mgambo utotoni ndo wazazi wa leo, wakisikia kipaza sauti wanafunga mlango. Halafu tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 na michango ya lazima ikapigwa marufuku, watu wengi walielewa kwamba shule sasa ni ya serikali kwa kila kitu, msingi wa choo unanihusu nini. Na la mwisho, hela. Ni lini mara ya mwisho mlisomewa mapato na matumizi kwenye mkutano wa mtaa? Mkutano huo unatakiwa uwepo mara kwa mara, na mimi naona ukimya wa hesabu umeua kujitolea kuliko msanii yeyote.

Kwahiyo usitangaze tena kwa gari. Umesema nusu ya mji imesoma hapo, hilo ndo soko lako. Wewe umewafundisha, una majina kichwani, na kila mwaka wa kumaliza siku hizi una grupu lake la WhatsApp linalotumiana picha za ua na salamu za asubuhi. Wape kila mwaka tundu lake la choo. Waliomaliza 1994 tundu lao, waliomaliza 2003 tundu lao, na mwaka uandikwe ukutani kwa rangi, mwaka tu, jina la mtu hapana. Bei ya simenti na tofali ipigwe picha iwekwe kwenye grupu kila wiki. Utaona 1994 watakavyoanza kuwatania 2003 kwamba tundu lao halina mlango. Na wale vijana wawili wa bodaboda usiwadharau, wamechimba hata kama walikuwa wanasubiri fundi, watafute uwashukuru mbele za watu.

*

Shikamoo anti. Mimi ni binti wa miaka 20 nipo mkoa wa Njombe. Natengeneza video fupi na watu wananifuatilia wengi tu, lengo langu niwe maarufu sitaki kuficha. Baba anasema namtia aibu na kwamba zamani watu walijivunia mji wao sio sura zao. Lakini anti huu mji umenipa nini? Ukumbi wa wananchi sasa ni baa, maktaba hamna, nikikaa hapa naishia kuuza duka la mtu. Kutaka umaarufu ni kosa?

*

Marahaba mwanangu. Kosa sio, na baba yako mwambie anti kasema hata zamani watu walijivunia sura zao, picha za studio na suruali za bugaluu zipo kwenye maalbamu wakipenda nitawaonyesha.

Tena umaarufu unaweza kurudi nyumbani. Sugu alikuwa mwanahiphop, watu wa Mbeya mjini wakamchagua mbunge 2010 na 2015. MwanaFA, naye mwanahiphop, watu wa Muheza walimpa ubunge 2020 na 2023 akawa naibu waziri. Kama walifanya vizuri au vibaya hilo waulize wapiga kura wao, mimi nakuonyesha tu kwamba mlango upo.

Ila nikuambie kitu kuhusu Arusha. Wale wa hiphop ya kule, X Plastaz, Nako 2 Nako, baadae Weusi, walitoka na mji wao mgongoni, lafudhi ya kule, maneno ya kule, X Plastaz wakachanganya mpaka uimbaji wa kimasai, na hawakuona haja ya kujifanya wamezaliwa Kinondoni. Ndo kilichowafanya wasikike. Nimeziangalia video zako ulizonitumia. Zile za kucheza mbele ya pazia sitazikumbuka kesho, samahani, zipo maelfu. Lakini ile moja ya asubuhi sokoni, ukungu haujaondoka, yule mama wa viazi amejifunga mablanketi mawili na anabishana bei na dereva wa fuso huku mvuke unamtoka mdomoni, ile nimeirudia, na nimemtumia mtu wa Njombe aliyepo Dar akaniambia imemtoa machozi. Watu wa kwenu waliotawanyika mijini ni wengi na hakuna anayewaonyesha nyumbani. Wapelekee viazi, maparachichi, mbao, baridi, na huo ukumbi uliogeuka baa, nenda kauonyeshe na umuulize mwenyekiti wa mtaa mbele ya kamera ilikuwaje. Atajibu tu, wanaogopa simu kuliko barua.

Na mtu akikuambia yeye ni meneja, njoo Dar kwanza mengine tutaongea hukuhuku, usipande basi. Mkataba usomwe na mtu mzima wa upande wako kabla.

*

Dada habari. Sisi ni kamati ya kumalizia jengo la mama na mtoto kwenye kituo cha afya cha kata. Vijana wanataka tualike staa kwenye harambee ili watu wajae. Meneja wake anataka malipo nusu kabla, hoteli, na gari mbili. Wazee wamegoma. Tufanyeje?
Katibu wa kamati

*

Nzuri kaka. Wazee wako sahihi, ingawa nadhani wamegoma kwa sababu nyingine. Staa kualikwa sio tatizo, hela ya wajawazito kumlipa staa ndo tatizo. Mkitaka aje, atafutwe mdhamini alipe kila kitu moja kwa moja, isipite hata shilingi kwenye akaunti ya kamati. Mdhamini hamna, staa hamna. Na msihesabu kujaa kwa watu kama hela, watu wanaokuja kumuona msanii wanakuja na nauli tu, akimaliza kuimba wanaondoka kabla ndoo ya michango haijafika safu ya tatu.

Mgeni rasmi mnaye hapohapo na hamjamuona. Kila kata ina mkunga mmoja mstaafu ambaye amezalisha watu wasio na idadi, hata meneja wa huyo staa angezaliwa hapo angemdaka yeye. Mkalisheni mbele, halafu mshereheshaji atangaze kila aliyezaliwa mkononi mwake asimame na atoe alichonacho, anayeona aibu atume kwa simu, namba ya kamati iandikwe kubwa nyuma ya jukwaa. Mama amuitie mwanae wa Mwanza, mwanae wa Mwanza amuitie mdogo wake wa Muscat. Matarumbeta kodini, hayo bei yake mnaiweza. Na diwani apewe dakika tano za kuongea, zikiisha matarumbeta yapigwe.